Tuizime Inflamesheni ya Ubongo?

Hoja iliyo mezani ni fupi. Ubongo unapojeruhiwa au kuugua, kinachoendelea kuua seli zake baada ya pigo la kwanza ni inflamesheni, yaani kinga ya mwili wenyewe iliyowaka. Kwa hiyo tiba ianze kwa kuituliza kinga hiyo. Hoja hii iliongoza mikono ya madaktari kwa zaidi ya miaka 30, na mpaka leo inavuta fedha nyingi za utafiti. Mimi naipinga. Lakini haistahili kupingwa kwa kejeli, maana imesimama juu ya sayansi ya kweli na walioishika hawakuwa wajinga. Ndiyo maana nimeipatia msemaji, mtaalamu wa maabara ya neva nitakayemwita Mtetezi, au Daktari, na nimemwachia uwanja aseme kwa nguvu zake zote. Yupo pia Muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, asiye na subira na yeyote kati yetu. Sauti hizi ni za hoja. Wenye hoja hizo ni wengi, wala hakuna mmoja ninayemlenga.

MTETEZI: Ndugu mwandishi, tuanze na yanayotokea ndani ya fuvu. Mtu anaanguka na bodaboda, kichwa kinagonga lami. Seli zilizopasuka papo hapo zimekwenda, hakuna daktari atakayezirudisha. Ila seli iliyopasuka humwaga glutamati, kemikali ambayo seli za neva huitumia kwa kiasi kidogo sana kupeana ishara. Ikimwagika kwa wingi hufungua milango ya seli za jirani, kalsiamu inaingia bila kipimo, mitokondria zinazotengeneza nishati zinashindwa kazi, na jirani naye anaanza kufa. John Olney alionyesha tangu mwaka 1969 jinsi glutamati inavyoua seli za ubongo kwa kuzichangamsha kupita kiasi. Seli iliyofikia hapo ina namna zaidi ya moja ya kufa. Yaweza kufa kwa utaratibu: inajikunja, inakatakata DNA yake, inajigawa katika vifurushi vidogo na kumezwa bila fujo. Hiyo ndiyo apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie. Au yaweza kuvimba na kupasuka, ikamwaga nje kila kilichomo. Hapo ndipo moto unapowaka, kwa sababu mikroglia, zile seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo, huupokea uchafu ule kama taarifa ya hatari. Zinaachia kemikali za kuiamsha kinga, TNF na interleukini-1, kizuizi kinachotenga damu na ubongo kinavuja, chembe nyeupe za damu zinaingia, maji yanazifuata, ubongo unavimba. Mguu ukivimba, ngozi hutanuka. Fuvu ni mfupa. Shinikizo likipanda humo ndani damu inashindwa kupita, na seli ambazo hazikuguswa na pigo lile zinakufa kwa kukosa oksijeni. Haya yote huchukua saa na siku, kwa hiyo muda wa kuingilia upo, ingawa haungoji mtu: kwa kiharusi cha mshipa mkubwa ulioziba, Jeffrey Saver alikadiria mwaka 2006 kwamba seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Nyumba inaungua nawe wataka tukae kitako tujadili?

MWANDISHI: Karibu yote aliyoyasema Daktari nayakubali, na sitayageuka baadaye. Glutamati inaua, kalsiamu inaua, fuvu halitanuki. Ninapoachana naye ni kwenye hatua moja anayoiruka mwishoni: kwamba kwa kuwa inflamesheni imekutwa mahali pa kifo, na kwa kuwa twaweza kuonyesha mchango wake katika kifo hicho, basi kuizima kutaokoa. Hatua hiyo imekwisha kupimwa kwa binadamu, tena kwa idadi isiyo na mzaha. Mwaka 1961 Joseph Galicich na Lyle French wa Minnesota, Marekani, waliandika kwamba deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, hupunguza maji yanayojaa kuzunguka saratani ndani ya ubongo. Mafanikio yalikuwa ya kweli, na dawa hiyo inatumika kwa kazi hiyohiyo mpaka leo. Kutoka hapo mantiki ikatembea yenyewe: ubongo wenye saratani huvimba na steroidi hupunguza uvimbe huo, ubongo uliogongwa nao huvimba, basi nao upewe steroidi. Nani angebisha? Kwa miongo mitatu majeruhi wa kichwa katika hospitali nyingi duniani walichomwa steroidi, na waliochoma waliamini wanaokoa. Majaribio yaliyofanywa katika kipindi hicho yalikuwa madogo, na yalipokusanywa pamoja mwaka 1997 hayakuweza kutoa hukumu: pengine kulikuwa na faida ya asilimia moja au mbili, pengine kulikuwa na hasara. Ndipo Ian Roberts na wenzake wa London School of Hygiene & Tropical Medicine walipoanzisha jaribio la CRASH. Walidhamiria kuandikisha wagonjwa 20,000, maana faida ndogo haionekani katika kundi dogo, na faida ndogo kwa jeraha linalowapata mamilioni ni uhai wa watu wengi. Hospitali 239 katika nchi 49 zilishiriki. Mtu mzima aliyefika ndani ya saa 8 tangu aumie, akiwa na fahamu pungufu, aligawiwa kwa bahati nasibu ama methilprednisoloni kwa saa 48 ama plasebo isiyo na dawa ndani yake. Mei 2004, walipofikia wagonjwa 10,008, jaribio lilisimamishwa. Ndani ya wiki mbili walikuwa wamekufa asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi, na asilimia 17.9 ya wasiopewa. Miezi sita baadaye tofauti ilikuwapo bado: 25.7 kwa 22.3. Kwa kila watu 100 waliochomwa dawa ya kuwaokoa, walizikwa watatu zaidi.

Naomba msomaji akae kidogo na tarakimu hizo kabla hatujaendelea. Watafiti walitafuta kundi lolote lililonufaika, wakitenganisha walioumia kidogo na walioumia sana, waliochomwa mapema na waliochelewa. Hawakulipata. Na walipotafuta kwa nini dawa iliua, hawakupata sababu moja inayoshikika. Maambukizi na kutokwa damu tumboni havikutosha kueleza vifo vile. Hapa ndipo panaponisumbua zaidi ya idadi yenyewe. Nadharia nzuri kama ya Mtetezi haikubashiri madhara kabla hayajatokea, na yalipotokea haikuweza kuyaeleza. Kama lisingekuwapo jaribio, daktari aliye kitandani asingegundua kamwe, kwa sababu majeruhi wa kichwa hufa wengi hata hivyo, na macho ya mtu mmoja hayawezi kutenganisha 21 na 18 katika mia.

MTETEZI: Sikatai hesabu. Ila angalia ulichokihukumu. Methilprednisoloni haigusi inflamesheni peke yake: hupandisha sukari ya damu, hudhoofisha kinga dhidi ya bakteria, huvuruga tezi za adrenali. Na kipimo chenyewe! Gramu 2 katika saa ya kwanza, halafu gramu 0.4 kila saa kwa siku mbili. Kilichoanguka mwaka 2004 ni dawa moja pana kupita kiasi. Wazo langu halikuguswa. Nipe dawa inayolenga molekuli moja, ile inayobeba ujumbe wa kuua, ndipo unihukumu.

MWANDISHI: Hiki ndicho kipingamizi kikubwa kuliko vyote, na kingenishinda kama dawa ya namna hiyo isingekwisha kujaribiwa. Imejaribiwa. TNF aliyoitaja Daktari huonekana kwa wingi katika ubongo wa wagonjwa wa ugonjwa wa sklerosisi, ambao kinga ya mwili hula ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva. Kwa panya wenye ugonjwa unaofanana na huo, kuizuia TNF kulileta nafuu. Ikatengenezwa lenerseputi, protini inayoinasa TNF na karibu hiyo tu, wakapewa wagonjwa kwa utaratibu wa bahati nasibu katika jaribio la watu 168 ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1999. Waliopewa dawa walipata mashambulizi ya ugonjwa mengi zaidi na mapema zaidi kuliko waliopewa plasebo. Hapa Daktari hawezi kulaumu upana wa dawa, wala sukari ya damu, wala adrenali. Tunachojua sasa ni kwamba TNF hupokewa na vipokezi viwili tofauti, na ujumbe uleule unaochochea kifo kwa kupitia kimoja husaidia seli kuishi na ala ya neva kujengwa upya kwa kupitia kingine. Molekuli ya kuua, aliyoiomba Daktari, ina kazi mbili.

Mikroglia zenyewe ni vivyo hivyo. Wataalamu wamewaondolea panya seli hizo kwa dawa kisha wakawasababishia kiharusi, wakitazamia, kama hoja yetu inavyotaka, kwamba ubongo usio na mikroglia utaharibika kidogo. Eneo lililokufa liliongezeka. Seli hizi humeza mabaki ya seli zilizokufa kabla hayajaoza na kudhuru zaidi, na hudhibiti msisimko uliopitiliza wa seli za neva zilizo jirani. Hata katika maradhi ya polepole ushahidi unaelekea hukohuko. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba watu wenye kasoro fulani katika jeni ya TREM2, ambayo mikroglia huitegemea katika kazi yao ya usafi, wana hatari ya kupata ugonjwa wa Alzheimer iliyo kubwa mara kadhaa kuliko ya wengine. Kinga iliyolegea, na ubongo unaooza zaidi. Nayo ile ndoto kwamba vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu na uvimbe vingewakinga wazee wasipoteze kumbukumbu, ndoto iliyotokana na kuona kwamba wanaovimeza kwa muda mrefu huugua kidogo, haikutimia vilipojaribiwa dhidi ya plasebo. Kwa hiyo mfano wa nyumba inayoungua unapendeza masikioni, lakini unapotosha. Moto hauna kazi yoyote ndani ya nyumba. Inflamesheni inazo kazi, na tukiizima tunazima na kazi zake.

MTETEZI: Umechagua sklerosisi kwa sababu ya lenerseputi. Mbona umeruka yaliyofuata? Ugonjwa huohuo ndio ushindi mkubwa wa upande wangu. Natalizumabu, inayozuia chembe nyeupe za damu zisivuke kuingia kwenye ubongo, ilipunguza mashambulizi kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Watu ambao miaka ya 1980 wangekuwa kwenye viti vya magurudumu leo wanafanya kazi na kulea watoto. Hiyo ni nini kama si kuzima inflamesheni ya ubongo?

MWANDISHI: Ndiyo, ni kuizima, na kumefanikiwa, nami sina haja ya kupunguza utukufu wake. Lakini tazama kumefanikiwa wapi. Katika sklerosisi hakuna pigo lililotangulia wala mdudu wa kupigwa. Kinga iliyokosea njia ndiyo chanzo cha ugonjwa. Ukizuia chanzo umetibu. Katika jeraha la kichwa, katika kiharusi, katika homa ya uti wa mgongo, kinga imekuja kujibu jambo lililokwisha kutokea au linaloendelea kutokea, na ukiinyamazisha jambo lile linabaki palepale. Tena hata katika ushindi huu bei ililipwa. Februari 2005, miezi michache tu baada ya kuruhusiwa Marekani, natalizumabu iliondolewa sokoni kwa sababu baadhi ya waliotumia walishikwa na maambukizi ya virusi vya JC, virusi ambavyo watu wengi wanavyo mwilini maisha yao yote bila madhara, vikala ubongo uliobaki bila mlinzi. Ilirudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali ya upimaji. Daktari wa neva anayeiandika leo anajua anachokinunua na anachokilipa. Hicho ndicho ninachokidai kwa kila dawa ya aina hii, na ndicho ambacho hoja iliyo mezani inakiruka.

MUUGUZI: Samahani, wakubwa. Natalizumabu yenu mimi sijaiona kwa macho. Kabatini kwangu kuna deksamethasoni, tena ni ya bei rahisi na haiishi mara kwa mara kama dawa nyingine. Usiku analetwa kijana ana homa, shingo imekakamaa, hajitambui. Kipimo cha maji ya uti wa mgongo kitafanyika asubuhi, au hakitafanyika. CT scan iko mji mwingine. Ndugu zake wamejaa mlangoni wananiuliza, "Sista, mbona humchomi sindano?" Nimchome au nisimchome?

MWANDISHI: Swali la Sista ndilo swali lenyewe, na linafaa kujibiwa kwa urefu, kwa kuwa homa ya uti wa mgongo ndiyo sehemu ambapo dawa moja, kabati moja, imepimwa dhidi ya maradhi yanayofanana kwa macho na kutoa majibu yanayopingana. Tuchukue kwanza ile ya bakteria. Antibayotiki inapowapasua bakteria, vipande vya kuta zao hutapakaa kwenye maji yanayozunguka ubongo, na kinga huvirukia kwa nguvu kuliko ilivyowarukia bakteria walio hai. Kutoka hapo huja uziwi, kiharusi na kifo cha seli katika hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu. Ndiyo sababu steroidi, ikitolewa, hutolewa kabla au pamoja na sindano ya kwanza ya antibayotiki. Mwaka 2002 Jan de Gans na Diederik van de Beek walichapisha jaribio la watu wazima 301, wengi wao wa Uholanzi: waliopewa deksamethasoni walikufa asilimia 7, wasiopewa asilimia 15. Matokeo mazuri kabisa, na miongozo ya Ulaya ikayafuata. Mwaka huohuo Malawi ilikuwa imekwisha kuwajaribu watoto wapatao 600. Vifo vilikuwa asilimia 31 upande huu na asilimia 31 upande ule. Mwaka 2007 yakatoka ya watu wazima wa Malawi, 465 kwa jumla: asilimia 56 ya waliopewa steroidi walikufa, na 53 ya wasiopewa. Dawa iliyopunguza vifo kwa nusu Uholanzi haikuokoa mtu Blantyre, Malawi.

Kabla mtu hajasema kwamba miili ya Waafrika ni tofauti, atazame waliokuwa vitandani. Watu wazima wa Malawi waliopimwa, tisa katika kila kumi walikuwa na virusi vya UKIMWI, na wengi walifika wamechelewa. Ukimpa dawa ya kupunguza kinga mtu ambaye kinga yake imekwisha kuliwa, unampunguzia kitu gani? Na liko jambo jingine ambalo Mtetezi, akiwa mtu wa maabara, analijua vizuri: katika panya wachanga wenye homa ya uti wa mgongo ya pneumokokasi, deksamethasoni iliongeza apoptosisi katika hipokampasi na kuwafanya wawe wazito wa kujifunza baadaye. Yaani inflamesheni ilipungua na seli zikafa zaidi. Hoja iliyo mezani inachukulia kwamba vitu hivi viwili hupanda na kushuka pamoja. Hapo havikushuka pamoja.

Sasa kifua kikuu cha ubongo. Hapa steroidi ina sifa yake. Guy Thwaites na wenzake, Ho Chi Minh City, Vietnam, walionyesha mwaka 2004 katika wagonjwa 545 kwamba deksamethasoni ikiongezwa kwenye dawa za kifua kikuu hushusha vifo kutoka asilimia 41.3 hadi 31.8, ingawa haikupunguza idadi ya waliobaki na ulemavu mkubwa. Kwa wenye VVU ilibaki mashaka, na jaribio la pili, la watu 520 wenye VVU huko Vietnam na Indonesia, lililochapishwa mwaka 2023, likakuta vifo asilimia 44.1 kwa 49.0, tofauti isiyotosha kusema dawa inawasaidia. Tuje kwenye homa ya uti wa mgongo ya fangasi, kriptokokasi, inayowaua watu wengi wenye UKIMWI katika ukanda wetu. Shinikizo la ubongo katika ugonjwa huu ni la kutisha, na kwa mantiki ya Mtetezi hakuna ugonjwa unaoililia steroidi kama huu. Jaribio la CryptoDex liliandikisha wagonjwa katika nchi kadhaa za Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwamo. Lilisimamishwa baada ya watu 451, matokeo yakatoka mwaka 2016. Kufikia wiki ya kumi walikuwa wamekufa asilimia 47 ya waliopewa deksamethasoni na 41 ya wasiopewa. Tofauti hiyo ya vifo peke yake haikutosha kutoa hukumu, lakini ulemavu ulikuwa mwingi zaidi kwa waliopewa, na fangasi katika maji ya uti wa mgongo walipungua polepole zaidi. Kilichokuja kuwasaidia wagonjwa hawa kilitoka upande wa kuua fangasi: jaribio la ACTA lililohusisha Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018, kisha lile la AMBITION la mwaka 2022, Uganda ikiwamo, lililoonyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu pamoja na vidonge inatosha kuchukua nafasi ya tiba ndefu iliyokuwa na sumu zaidi.

Basi jibu langu kwa Sista ni hili. Kijana wako apewe antibayotiki bila kuchelewa, apimwe malaria, sukari na VVU usiku huohuo, na maji ya uti wa mgongo yachukuliwe mara tu itakapowezekana, kwa sababu katika ugonjwa huu jina la mdudu ndilo linaloamua kama deksamethasoni ni rafiki au adui. Kwa anayetazama kutoka mlangoni, kifua kikuu na kriptokokasi vinafanana. Kwa sindano ile havifanani hata kidogo. Fedha ya kununulia vipimo vya kriptokokasi itaokoa ubongo mwingi kuliko fedha ya kujaza kabati steroidi.

MTETEZI: Na malaria ya ubongo? Hapo una Waafrika, una watoto, una uvimbe. Mwaka 2015 Terrie Taylor na wenzake, hukohuko Blantyre, walipiga picha za MRI wakakuta kwamba katika watoto 25 waliokufa, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana. Hutaki kuuondoa uvimbe huo?

MWANDISHI: Nautaka uondoke kuliko ninavyoweza kusema. Ila deksamethasoni imekwisha kujaribiwa katika malaria ya ubongo, na David Warrell na wenzake, waliowafuatilia wagonjwa 100 nchini Thailand, walitoa majibu mwaka 1982: waliopewa steroidi walikaa bila fahamu wastani wa saa 63, wasiopewa saa 47, na waliopewa walipata nimonia na kutokwa damu tumboni zaidi. Picha ya uvimbe inaonyesha kwamba uvimbe upo; haionyeshi umetoka wapi. Katika malaria, chembe nyekundu zilizojaa vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo na kuziba njia ya damu. Kuuita kila uvimbe inflamesheni, na kuipa kila inflamesheni steroidi, ndiko kulikotufikisha mwaka 2004.

MUUGUZI: Mimi nakubaliana nawe nusu. Nusu nyingine inanikera. Unasema tungoje jaribio, na wagonjwa wangu hawana nafasi ya kungoja. Watu wa Ulaya wakishathibitisha kitu, kwa nini nasi tusikitumie?

MWANDISHI: Kwa sababu ya watoto waliozaliwa wamechoka. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa hupoteza seli za ubongo kwa mawimbi mawili: la kwanza palepale, la pili saa kadhaa baadaye, na wimbi hili la pili lina apoptosisi na inflamesheni kwa wingi. Katika nchi tajiri mtoto huyo hupozwa mwili hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, na hakuna tiba ya kulinda ubongo iliyothibitishwa vizuri kuliko hiyo. Katika jaribio la TOBY la mwaka 2009, waliosalimika bila kasoro ya neva walipanda kutoka asilimia 28 hadi 44. Kila aliyesoma hayo alitamani Afrika na Asia zipoze watoto wao, maana barafu si ghali. Jaribio la HELIX, lililofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2021, liliwapoza kwa mashine nzuri katika vyumba vyenye wataalamu, watoto 408 kwa jumla. Kupoza hakukupunguza kifo wala ulemavu, na waliopozwa walikufa asilimia 42 dhidi ya 31 ya wasiopozwa. Kabla ya hapo jaribio dogo la Mulago, Kampala, lililochapishwa mwaka 2008, lilikuwa limekwisha kuashiria hatari hiyo. Kwa nini? Pengine jeraha la watoto hawa lilianza muda mrefu kabla ya kuzaliwa, na wimbi la pili lilikuwa limekwisha kupita walipofika kwenye baridi. Vyovyote iwavyo, uthibitisho wa Ulaya haukusafiri.

Na juu ya kungoja, Sista, nitasema jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Katika habari ya steroidi na majeraha ya kichwa, aliyengojesha watu hakuwa mtafiti. Miaka 30 ilipita dawa ikitolewa bila kupimwa sawasawa, na lilipokuja jaribio kubwa lilihitaji miaka mitano tu kumaliza ubishi. Kuandikisha mgonjwa katika jaribio si kumnyima tiba. Ni kukiri kwamba hatujui, na kuhakikisha kwamba kufikia mgonjwa ajaye tutakuwa tumejua. Tena muda huo wodi haikai mikono mitupu. Kwa majeruhi wa kichwa, oksijeni isishuke, presha ya damu isianguke, damu iliyoganda chini ya fuvu itolewe mapema na daktari wa upasuaji, degedege na homa zidhibitiwe, sukari ipimwe. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji kuamini chochote kuhusu mikroglia, na yote yanazuia seli kufa.

MTETEZI: Kwa hiyo unataka tufunge maabara.

MWANDISHI: Nataka zifanye kazi mara mbili ya sasa, ila zibadilishe swali. Kuuliza "tunaizimaje?" ni kujibu kabla ya kuuliza. Watafiti waulize ni saa gani mikroglia huacha kusafisha na kuanza kudhuru, katika ugonjwa upi, kwa mgonjwa mwenye kinga gani, na kipimo gani cha damu au cha maji ya uti wa mgongo kitamwambia Sista kwamba saa hiyo imefika. Wapime wanyama wenye VVU au wenye utapiamlo, wanaofanana na wagonjwa wetu, badala ya panya vijana wenye afya tele waliojeruhiwa kwa saa iliyopangwa. Na siku itakapotokea dawa iliyopita katika jaribio kubwa, ndani ya wodi zilezile itakakotumika, nitaipigia kura bila kujali kama inazima inflamesheni au inaichochea. Hoja kama ilivyoletwa leo, ya kuizima popote inapoonekana, kura yangu ni hapana.

Msomaji, ukiwa na mgonjwa wako wodini ukasikia anapewa deksamethasoni au steroidi nyingine, uliza kwa heshima ni kwa ugonjwa gani. Ukiambiwa ni maji yanayozunguka saratani ya ubongo, au ni kifua kikuu cha ubongo kwa mtu asiye na VVU, dawa iko mahali pake, na isikatishwe ghafla bila daktari kusema. Ukiambiwa ni kwa sababu ya jeraha la kichwa, omba daktari mkuu aitwe: miongozo ya Brain Trauma Foundation ya Marekani inakataza waziwazi methilprednisoloni ya dozi kubwa kwa jeraha kali la ubongo, na ushahidi wake ni wale wagonjwa 10,008.